Hema la Nguzo Moja na Shida za Wanaolala Humo

Hema la nguzo moja ni kitambaa kinachoinuliwa na mti mmoja na kuvutwa pande zote kwa vigingi. Nguzo hubeba, vigingi huvuta, na kati ya hayo mawili mtu hupata pa kulala. Umbo lenyewe si geni: mwaka 1856 afisa wa jeshi la Marekani, Henry Hopkins Sibley, alipewa hataza ya hema la namna hiyo, lenye umbo la pia, lililolaza askari kama kumi na wawili. La leo, la msafiri mmoja, huingia kwenye mkoba na kubakiza nafasi ya unga. Barua zinazojibiwa hapa zimetoka Kilwa ya Ziwa Mweru, Haut-Katanga, Kongo. Zile zilizopotea njia zikaenda Kilwa ya Lindi zitajibiwa zikirudi.

Msomaji anayejiita Mgongo Umechoka anataka kupanda kutoka ziwani hadi uwanda wa Kundelungu, ulio magharibi ya mji, na jirani yake amemshauri achukue kipande cha turubai la lori kwa kuwa "halioni mvua". Jirani amesema kweli kuhusu mvua, ila hakusema ni nani atakayelibeba. Katika misafara ya karne ya 19, mpagazi alijitwika frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na hema la mkubwa wa msafara lilikuwa miongoni mwa mizigo hiyo. Ndivyo Kapteni William Stairs alivyofika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi Desemba 1891: yeye na hema lake wote walikuja Katanga, lakini hema lilikuja juu ya kichwa cha mtu mwingine. Mgongo Umechoka hana mtu mwingine. Ndiye kapteni, na ndiye mpagazi.

Kwa msafiri wa aina hii kipimo cha haki ni kilo moja na ushee, kila kitu kikiwa ndani. Paa la nailoni au poliesta lililopakwa silikoni huwa na gramu 500 hadi 700. Chandarua chenye sakafu yake huongeza kama 300 au 400. Vigingi sita ni gramu mia hivi, na nguzo ya alumini ni mia na ushee. Lunar Solo ya kampuni ya Six Moon Designs ya Marekani ina uzito wa kama gramu 740, chandarua na sakafu zikiwa zimeshonewa humo humo. Lanshan 1, ya 3F UL Gear ya China, ni nzito kidogo lakini bei yake ni ya chini sana. Muuzaji lakini ana hesabu yake: uzito unaoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi hauhesabu vigingi wala nguzo, kama vile mwuza samaki anayetaja bei ya fungu kabla ya kuondoa wale wadogo. Ushauri wa safu hii ni kwamba mtu wa Kilwa atumie fedha zake kwenye kitambaa na chandarua, kwa sababu hivyo havipatikani sokoni kwake. Nguzo na vigingi vinapatikana, na barua inayofuata inathibitisha hilo kwa njia ambayo safu haikuitarajia.

Kijana mmoja ameuliza kama mwiko wa matanga unafaa kuwa nguzo. Anamaanisha ule mwiko mrefu ambao akina mama huusimamia kwa mikono miwili wakisonga bukari (ugali) ya watu mia, na ambao kwa sasa umeegemezwa ukutani kwa shangazi yake. Kwa upande wa ufundi, jibu ni ndiyo. Mahema mengi ya nguzo moja yanataka mti wa sentimita 120 hadi 125, na mwiko wa matanga hufikia hapo bila taabu. Tena ubapa wake ukiwekwa chini hautitii kwenye mchanga wa ziwa, jambo ambalo fimbo yenye ncha hailiwezi. Kichwa cha juu kifungwe kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli ili kisitoboe kitambaa. Kwa upande wa jamii, jibu ni hapana. Mwiko ule una wenyewe, kifo hakitoi taarifa, na kijana atakayekuwa Kundelungu na mwiko siku ya msiba atarudi nyumbani kukuta habari zake zimeshajadiliwa.

Kukata mti njiani ni rahisi hadi mpaka wa hifadhi unapofikiwa. Mbuga ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, iko chini ya taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, na anayekwenda kuona maporomoko ya Lofoi, ambako maji huanguka zaidi ya mita 340, anaingia kwa kibali na bila panga la kukatia nguzo. Kwa hiyo kinachofaa zaidi ni fimbo ya kutembelea inayorefushwa na kufupishwa: mchana inasaidia magoti, usiku inasimamisha nyumba.

Urefu wa nguzo si jambo la kukadiria kwa macho. Ikipungua kwa upana wa kiganja, kitambaa hulegea na kupiga kelele usiku kucha kila upepo unapotoka ziwani. Ikizidi kwa kiasi hicho hicho, pindo huinuka kutoka ardhini na kuwaachia mlango siafu, manyunyu na chochote kinachotembea usiku. Fupi huwekewa jiwe bapa chini. Ndefu huchimbiwa shimo. Na kazi huanza na vigingi, si nguzo. Pembe zote hupigwa kwanza kitambaa kikiwa kimelala, kamba zikiachwa na ulegevu kidogo; ndipo mtu huingia chini kwa magoti, huchomeka nguzo kwenye kilele, huisimamisha wima, kisha hutoka na kukaza kamba moja moja akizunguka. Anayeanza kwa kusimamisha nguzo hubaki ameishikilia, akitazama vigingi vilivyo mbali na mkono wake.

Kuhusu ardhi yenyewe: wakati wa kiangazi udongo mwekundu wa huko hukauka ukawa kama tofali, na vigingi vyembamba vya alumini hupinda. Misumari ya inchi sita huingia. Kwenye mchanga wa ufukweni msumari hung'oka, na badala yake kamba hufungwa kwenye kijiti au mfuko uliojazwa mchanga na kufukiwa. Njia za viboko kutoka majini ziepukwe hata kama ndiko kuliko sawasawa zaidi. Kusawazika kwake ndiko kunakoonyesha mpitaji.

Mrefu wa Pweto analalamika kwamba miguu yake inagusa kitambaa. Hema lake lina nguzo katikati, hivyo analala upande mmoja, na upande wa pili unabaki kulaza viatu. Afadhali lenye nguzo iliyosogezwa mlangoni, linaloacha kitanda kizima. Na kwa kuwa kuta huteremka kwa mshazari, mtu wa mita 1.85 anahitaji paa la mita mbili na nusu au zaidi, siyo mbili.

Barua yenye uchungu kuliko zote ni ya Aliyelowa Bila Mvua. Alilala karibu na maji mwezi Juni, mbingu nyeupe kwa nyota, akaamka na matone usoni na mfuko wa kulalia umelowa, akamwandikia muuzaji barua kali kwamba hema linavuja. Hema halikuvuja. Mtu mmoja akilala hutoa maji kwa pumzi na ngozi yake, robo lita na zaidi kwa usiku mmoja. Kitambaa chembamba, kikiwa wazi kwa anga lisilo na mawingu, hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Mvuke ukikigusa hugeuka maji. Ziwa huongeza unyevu wake juu ya huo. Dawa yake ni hewa: tundu la kileleni liachwe wazi, pindo la upande wa upepo liinuliwe kidogo, na hema lipandishwe mahali palipo juu ya ufukwe, chini ya mti mzima usio na matawi makavu, maana majani huzuia joto lisipotee kuelekea angani. Chandarua cha ndani nacho hutenganisha uso wa mlalaji na ukuta uliolowa, na katika eneo la malaria kama Kilwa hakuna atakayekiacha nyumbani ili kupunguza gramu.

Nailoni ina tabia ya kunyonya unyevu na kurefuka, hivyo hema lililokazwa jioni hulegea usiku wa manane na mwenyewe hulazimika kutoka kulikaza tena. Poliesta hulegea kidogo tu. Kitambaa cha Dyneema hakinyonyi maji, ila bei yake humtoa usingizi mnunuzi kabla hajafika porini.

Mke wa Msafiri anataka kujua kwa nini hema ni la mtu mmoja. La wawili huongeza kama gramu 400. Kama kuna sababu nyingine, iko nje ya uwezo wa safu hii.

Msomaji wa mwisho alipiga hema jeupe kando ya kijiji, na kabla jua halijazama akawa na foleni ya watu walioshika kadi zao wakiulizia uandikishaji wa misaada unaanza saa ngapi. Teritwari ya Pweto, ambamo Kilwa imo, imewahi kupokea wakimbizi wa ndani wengi, na kitambaa cheupe kwa watu wake kina maana. La kijani la jeshi ni baya zaidi, na hapa utani unakoma: Oktoba 2004 waasi waliingia Kilwa, jeshi likaja kuutwaa mji, na raia wengi waliuawa. Mwenye hema achague rangi ya kahawia au kijivu, na kabla ya kigingi cha kwanza aende kwa chifu wa kijiji, amsalimie mzee, aseme anatoka wapi, analala usiku mmoja na anaelekea wapi. Mara nyingi ataonyeshwa mahali pazuri kuliko alipopachagua, na mara nyingine atapewa nyumba, nalo hema halitatoka mkobani.

Kabla ya masika, ambayo huanza Novemba, mishono ikaguliwe. Iliyotoka kiwandani bila kuzibwa hupakwa gundi ya silikoni ya mafundi vioo, iliyozimuliwa kwa tina ya rangi ya mafuta. Gundi nyingine hazishiki juu ya silikoni. Ikauke siku nzima. Baada ya safari hema hutundikwa kivulini, si juu ya mabati, maana jua hudhoofisha nailoni, na halifungwi likiwa na maji kwa sababu ukungu ukishaingia harufu yake haitoki.