Panda Juu, Lala Chini

Farasi hawajawahi kuwa na bahati na Kilimanjaro. Majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalipoingia Moshi Machi 1916 kuwafukuza Wajerumani, yalikuja na farasi kwa maelfu; kadiri yalivyozidi kushuka kusini, mbung'o na maradhi wakawamaliza wanyama wale, na askari wa farasi wakajikuta wanaifuata vita kwa miguu. Leo wamebaki farasi wachache upande wa magharibi wa mlima, kazi yao kuwabeba watalii wanaolipa vizuri. Sisi wengine mnyama wetu ana magurudumu mawili, anakunywa petroli, haogopi mbung'o, na badala ya kukupiga teke anakuchoma shavu la mguu kwa eksozi. Alizaliwa akiwa baiskeli mpakani Busia, miaka ya 1960, akivusha watu kati ya Kenya na Uganda, na jina la bodaboda akalipata hukohuko. Kwa habari ya kuangusha watu, yeye na farasi ni tumbo moja. Ndiyo maana swali ambalo wapanda farasi wa dunia nzima wamelipigia kelele ndilo hilohilo linalomngoja mtu wa Uru au Kibosho, huku miteremkoni mwa mlima, siku anapofunguliwa hogo: nitapandaje tena?

Washauri hawakosekani. Mgonjwa wa malaria hupewa pole, lakini aliyeanguka na boda hupewa mhadhara. Kundi lenye sauti kubwa husema: ukianguka panda tena palepale, maana hofu ikipoa huganda kama mafuta kwenye supu ya jana. Ni maneno matamu, na wapanda farasi wanayo pia. Tatizo ni kwamba aliyegonga kichwa lami huwa jasiri sana kwa dakika kumi. Anainuka, anajipangusa vumbi, anasema yuko fiti, halafu anauliza leo ni siku gani. Huo sio ujasiri, ni ubongo ambao bado haujapokea taarifa. Waliofanya tafiti katika Hospitali ya KCMC hapa Moshi wameitaja pikipiki mara kwa mara miongoni mwa visababishi vikubwa vya majeraha ya kichwa. Na ukitaka kujua kwamba huu ni mji unaojua thamani ya mguu, hapohapo KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Kwa hiyo anayekuhimiza upande palepale, muulize kwanza kama ameshaongea na mfupa wako. Hata Hans Meyer, yule Mjerumani aliyeupanda Kilimanjaro, hakupanda palepale. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, akaona hana vifaa, akageuka. Mwaka 1888 akarudi, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikamkuta, akakamatwa na kufungwa mpaka ikalipwa fidia. Oktoba 1889 ndipo alipofika kileleni, safari hii akiwa na Ludwig Purtscheller, mzoefu wa milima ya Alps, na utaratibu wa kupandishiwa chakula kambini. Waliosimulia wakapenda kusifia moyo wake. Mimi naona moyo alikuwa nao tangu mara ya kwanza. Alichoongeza ni maandalizi.

Hoja yangu ni kwamba dawa ya hofu hii tunayo mlangoni, na tunawauzia wageni kila siku huku wenyewe hatuitumii. Muulize yeyote kati ya wagumu, kama wapagazi wa mlima wanavyoitwa hapa Moshi, atakwambia: panda juu, lala chini. Kwenye njia ya Marangu, mgeni mwenye siku ya ziada huamkia Horombo, mita 3,720, akapandishwa hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, akatazama ile michirizi myeusi na myeupe, akapiga picha, kisha akateremshwa kulala Horombo ileile. Kwa macho ya mtu mwenye haraka, siku imepotea. Kwa mwili, siku imelipa, maana damu imeonjeshwa hewa nyepesi bila kunyweshwa kikombe kizima. Hofu nayo iko hivyo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi alivyomtibu mtoto aliyeitwa Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani ili azoee. Alimweka mbali wakati mtoto anakula anachokipenda, kesho akamsogeza kidogo, mpaka Peter akamshika mwenyewe. Angekuwa mtoto wa Kichaga angepewa kiburu. Sungura angekuwa boda.

Basi aliyeanguka aanze na boda iliyozimwa. Aende kijiweni, akae kwenye siti, apige soga na dereva, ashuke, arudi nyumbani kwa miguu. Siku nyingine azungushwe mitaa ya tambarare ya Pasua saa ambayo hakuna foleni. Baadaye apande kidogo kuelekea Rau, ateremke, alale. Na hapa boda inaugeuza mlima juu chini: kwa mpanda milima kilele ni Uhuru, mita 5,895, lakini kwa abiria wetu kilele ni mteremko wa kutoka Kibosho kuja mjini, masika, matope yakiwa yametandazwa kwenye kona kama siagi. Huo uwe wa mwisho kabisa.

Nasikia mtu anacheka: dereva gani atakubali kukaliwa siti bure, boda ni kazi, sio kliniki. Kweli. Mlipe. Mtu aliyetumia fedha kuunga mfupa hashindwi kulipia dakika kumi za kukaa. Mwingine atauliza kwa nini ajisumbue, si aache boda kabisa apande Hiace? Huyo bila shaka nyumba yake iko kando ya lami. Hiace inakushusha barabara kubwa. Kutoka hapo kwenda kihambani ni njia ya migomba, vuka mfereji, panda tena, na mkononi una gunia la pumba za ng'ombe. Anayeapa kutopanda boda tena kwa kawaida anaapa kwa niaba ya magoti ya watoto watakaotumwa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la maneno matatu: ajali haina kinga. Tunalisema misibani, tunalisema hospitalini, tunalisema huku tumepanda mishikaki, watu watatu na kuku. Lakini kinga ipo, na imepimwa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni kofia ileile ya abiria inayoning'inia kwenye usukani kama kapu la mayai, ambayo tunaikataa kwa sababu imebeba jasho la kata nzima au kwa sababu nywele zimetoka saluni jana. Malalamiko yote mawili nayaheshimu. Vaa kitambaa chini yake, au nunua yako. Hofu inayomfanya mtu aulizie kofia na breki, na kukataa mshikaki, sioni kwa nini itibiwe.

Ile ya kutibiwa ni hofu nyingine, inayokaa kwenye kiuno. Abiria aliyewahi kuanguka utamjua: amelikamata koti la dereva kama mdaiwa aliyepatikana, anakanyaga breki ya hewani, na boda ikilala kulia kwenye kona yeye analala kushoto ili kuisaidia. Hapo anamlazimisha dereva kuilaza zaidi, na hofu inatengeneza ajali iliyokuwa inaiogopa. Kiuno hakisikii hotuba. Kinafundishwa kona moja moja, kwa mwendo wa pole pole.

Wengi watataka kujua watatambuaje kwamba wamepona. Moyo kutodunda sio kipimo. Mioyo mingi ya Moshi hudunda kwenye kiplefti bila kuwahi kuanguka. Mimi naangalia nauli. Anayerudi mara ya kwanza hulipa chochote anachotajiwa, maana mtu aliyefika hai haoni aibu kuacha chenji. Wiki za mbele bado analipa, ila anaanza kuhesabu. Halafu inafika jioni anashuka getini kwake Kibosho, anavua kofia, anatengeneza nywele, anatajiwa elfu tatu, na kabla vumbi halijatua anaweka mkono kiunoni: "Mangi, elfu tatu tangu lini?"