Begi la Mwindaji

Kijana mmoja wa Dindira kashuka Korogwe kusaka begi dogo la kuwindia kwa upinde. Kapekua mtumba mpaka kalipata: zipu kila upande, mkanda wa kifuani, mfuko wa maji na mrija wake. Rangi? Mabakamabaka, jamani! Na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Ngedere hawatamwona, askari wa stendi watamwona. Mhadzabe wa Ziwa Eyasi hushika upinde na mishale mkononi, kisu kiunoni, na nyama anakula. Huyu wetu keshajaza mifuko yote. Leseni tu, inayodaiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ndiyo haikupata mfuko.