Nahodha na Taa wa Angani

Kaka yangu anavua Tanga tangu hajaota ndevu, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Nahodha tu, hata kwenye kadi za harusi. Cheo hicho kimemfanya aamini kwamba kiumbe chochote chenye pezi kiko chini ya mamlaka yake, kiwe baharini, jikoni au, kama ilivyotokea, ndani ya kompyuta ya mwanangu.

Alikuja kufuata sufuria yake. Akapita sebuleni, akasimama. Kwenye kioo palikuwa na milima iliyochongoka, na juu yake taa walikuwa wakielea hewani bila tone la maji, mapezi yakipanda na kushuka taratibu. Mwanangu alikuwa chini yao na kamba mkononi.

"Unafanya nini wewe?"

"Shikamoo Mjomba. Nakamata taa."

"Marahaba. Kwa kamba? Unamfunga wapi? Taa ana shingo?"

Sufuria ikasahaulika. Akavuta kiti.

Mchezo wenyewe ni World of Warcraft, uliotoka 2004, na taa hao waliletwa na nyongeza yake ya 2007. Wanaishi Outland, masalia ya dunia iliyopasuka, vipande vyake vikabaki vinaelea. Mahali kama hapo farasi hana kazi, kwa hiyo nawaelewa waliomtoa taa baharini wakampa anga. Mbawa alikuwa nazo karibu tayari. Nisichoelewa ni taabu ya kumpata. Kuna kikosi cha walinzi wa anga, Sha'tari Skyguard, ambacho kila siku hukupa kazi zilezile: nenda kachome mayai ya ndege, nenda kamwokoe mfungwa, nenda kakamate taa watano milima ya Blade's Edge. Taa huyo unampiga hadi nguvu zimwishie, ila usimuue, ndipo unamtupia kamba. Ukitumika hivyo kwa muda mrefu, kikosi kinaanza kukuheshimu. Heshima hiyo ina ngazi, na ukifika ya juu kabisa unapewa ruhusa ya kuwa na taa wako wa kupanda. Ruhusa ya kumnunua, maana yake. Umetumwa, umechomwa jua, umekufa mara kadhaa, na bado unatoa dhahabu mfukoni. Nahodha alisema hata tajiri wa chombo chake hajafikia hapo, na yule bwana anakata hela ya barafu.

Jioni zilizofuata alikuja bila kisingizio cha sufuria. Mimi nikawa na watu wawili wasiosikia wakiitwa mezani. Mchezo huu hausimami, ukiuacha unaendelea bila wewe, kwa hiyo mwanangu ana jibu moja tu: "Mama, niko na watu." Watu wenyewe wako Ulaya, na wanakula bando langu.

Kilichomkera Nahodha kuliko kamba ni matibabu. Taa alimpiga mwanangu, uhai ukapungua, mwanangu akamkalisha mtu wake chini, akala mkate, akapona. Nahodha alitazama yote hayo kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuchomwa. "Mkate?" Akaeleza kwamba ukichomwa na taa unatumbukiza mguu katika maji ya moto, ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, unakaa nao humo hata saa nzima, kwa sababu sumu yake huvunjwa na joto, na baada ya hapo unakwenda hospitali ukatolewe vipande vya mwiba. Mkate unaweza kula, alisema, lakini kwa njaa.

Mwanangu, kwa kutaka kumtuliza, akamwambia kuna taa wabaya zaidi. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, wamo tangu 1975, katika kitabu cha Dave Arneson kiitwacho Blackmoor. Wanaitwa ixitxachitl. Alilitamka jina hilo mpaka paka akatoka chumbani. Hao wana akili, wana chuki, wanamwabudu Demogorgon, mkuu wa mashetani mwenye vichwa viwili, na wana makuhani wao. Baadhi hufyonza uhai wa watu.

Nahodha alifikiri kidogo. "Kuhani? Macho yako mgongoni, mdomo uko tumboni. Akisimama kuhubiri anauhubiria mchanga."

Hapo akaanza kumtetea taa wa kweli, na alikuwa na haki. Taa wa kweli hana ugomvi na mtu. Analala amejifukia, anavuta maji kwa matundu nyuma ya macho, anazaa watoto hai walio tayari kujitegemea, na mwiba wake ni wa kujilinda tu. Unamkanyaga, anajibu. "Hata mimi ukinikanyaga nimelala nitajibu." Dawa yake ni kutonyanyua miguu majini, unaiburuza, mchanga unatikisika, yeye anaondoka zake. Akasimama kumwonyesha mpwa wake. Akaburuza mguu wa kulia, akaburuza wa kushoto, sebule nzima, kwa madaha ya mtu anayeingia baharini, na mguu wa kulia ulipofika ukutani ukaburuza waya wa ekstensheni. Kompyuta ikazimika.

Umeme ulikatika kwetu tu. Taa wa Blade's Edge hawakukatiwa. Mashine ilipowaka tena mwanangu alikuwa mzuka makaburini, anatakiwa akimbie milima yote hiyo kuufuata mwili wake. Nahodha aliitazama safari ile kwa adabu, kofia mkononi, akauliza kama kuna sadaka inayotolewa.

Taa alinunuliwa mwishowe. Wanauzwa wa buluu, kijani, zambarau, nyekundu na fedha, na Nahodha alisusa kwa sababu hakuna wa rangi ya udongo. Mwanangu akachukua zambarau. Kwa furaha hiyo nikaamua tupike taa wa nazi, nikampa mshindi wetu pesa na mfuko, aende sokoni peke yake.

Alirudi na vibua.

"Taa hawakuwepo?"

"Walikuwepo, Mama, lakini feki. Hawana mikia."

Wavuvi huukata mkia mapema, kabla haujamdhuru mtu. Aliyewakata wale wa siku hiyo, na kuwapeleka sokoni alfajiri, alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, akisubiri chakula.