Shati Lenye Tundu

Mimi sivuti bangi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo mama wadogo na mashangazi watakaosoma hapa, miwani puani na simu mkononi, tayari kunipigia. Kifua changu hakijawahi kuelewana na moshi wa aina yoyote, uwe wa kuni mbichi au wa sigara. Hata hivyo, ukifungua kabati langu hapa Rotterdam utakuta mashati yametoboka: vitundu vidogo vya duara vyenye kingo nyeusi, vingi kifuani, vichache mikononi. Suruali nazo zimetobolewa mapajani. Fundi cherehani ninayempelekea, mzee mmoja wa Kisurinamu, aliacha siku nyingi kuniuliza. Hutazama tundu, hunitazama mimi, hutikisa kichwa, kisha huandika bei.

Chanzo ni binamu yangu. Tunaishi fleti moja, mimi na yeye na Mholanzi mmoja mrefu ambaye jina lake linahitaji koo lenye afya kulitamka. Binamu alikuja huku kusomea mambo ya bandari, akahitimu, akapata kazi, na katikati ya hayo yote akajitwalia ufundi wa kusokota. Bangi tupu anaisokota vizuri, sitamnyima haki yake. Msokoto unatoka umenyooka, unawaka taratibu, hauna fujo. Balaa linaanza anapotia hashishi, na yeye hasokoti bila kutia hashishi. Nilipomwuliza kwa nini asiiache tu, alinitazama kwa huruma akasema msokoto usio na hashishi ni pilau lisilo na bizari.

Kwa asiyejua vitu hivi: bangi ni maua na majani ya mmea. Hashishi ni utomvu wa mmea huohuo, unaokaa kwenye vinyweleo vidogo mno juu ya maua. Kwenye milima ya Rif huko Moroko, upande wa Ketama, wakulima hukausha mmea, huupigapiga juu ya kitambaa cha kuchujia, unga unaoshuka chini huushindilia mpaka ushikamane. India na Nepal wao husugua mmea mbichi viganjani mpaka mikono iwe myeusi, kisha huubandua ule utando. Huo ndio charasi. Vyovyote utakavyotengenezwa, mwisho unapata kipande cha kahawia au cheusi, kigumu kikiwa baridi, laini kikipata joto, na chenye nguvu kuliko majani. Kina pia tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi. Majani yakiungua huwa majivu, majivu huanguka, unapuliza, yameisha. Chembe ya hashishi ikiungua hugeuka kaa la moto, na kaa hilo huchomoka kwenye msokoto likatafuta nguo ya mtu. Kwa miujiza ambayo sijaielewa, aghalabu si nguo ya mvutaji. Mimi nimekaa pembeni na chai yangu ya mnanaa, natazama mpira, mara nasikia harufu ya nailoni.

Jezi yangu ya timu ya taifa iliondoka hivyo. Ilichomwa kwenye nembo, dakika ambayo sisi tulikuwa tunashambulia.

Kutazama binamu akiandaa mambo yake ni burudani nisiyoilipia kiingilio. Kwanza huleta sinia. Sinia hilo ni letu la pekee, lilitoka Tanga likiwa na kazi ya heshima ya kupakulia wageni. Hutandaza karatasi ndefu, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, yenye ukanda wa gundi upande mmoja. Kisha huanza kutafuta kadi ya kutengenezea kishungi, kile kibomba kidogo kinachowekwa mdomoni ili mtu asimeze majani wala asiungue midomo. Maduka huuza vijitabu vya vishungi kwa bei ya kutupa. Binamu havinunui. Anaamini Mungu ameijaza dunia karatasi ngumu kwa makusudi hayo.

Nyumbani kwetu, basi, hakuna kitu cha karatasi ngumu kilicho kizima. Boksi la majani ya chai limekatwa mfuniko. Kadi ya daktari wa meno imebaki jina tu, simu hakuna. Kitabu changu cha sarufi ya Kiholanzi kimeliwa jalada, ikawa kisingizio kizuri cha kutokisoma. Lakini kilele kilikuwa kadi ya harusi. Watanzania wenzetu walioko The Hague walikuwa wanaoza, tukatoa mchango kama inavyopasa, tukaletewa kadi nzuri yenye maua ya dhahabu. Siku ilipofika tukavaa, tukapulizia marashi, nikachukua kadi nithibitishe saa na ukumbi. Ukanda wote wa chini haukuwepo. Umekatwa kwa unyoofu wa rula. Binamu akakuna kichwa, akasema anaikumbuka ile kadi, ilikuwa karatasi bora kabisa, ilijikunja bila kupasuka. Tulipiga simu kwa watu ambao wakati huo walikuwa wanacheza muziki na hawasikii simu. Tulifika ukumbini wahudumu wakikunja viti. Tukapewa sambusa za baridi kwenye mfuko, na mzee wa kamati akatuambia, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba mchango wetu ulionekana.

Baada ya kishungi ndipo fedheha yenyewe. Hashishi haikubali kumomonyoka bila joto. Binamu hukishika kipande kwa ncha za vidole, hukipitisha juu ya moto wa kiberiti cha gesi, na hapo kuna nukta moja, baina ya "bado" na "kimeshashika moto," ambayo hajawahi kuipatia. Ama kipande bado kigumu na kinaruka kwenda chini ya kochi, ama kinawaka na kidole gumba kinawaka nacho. Hupiga kelele, hukitupa, kinatua kwenye sinia juu ya majani, majani yanafuka, hupuliza ili azime, na majani yote yaliyosagwa yanahamia kwenye zulia.

Mholanzi ana itikadi tofauti. Yeye husema kumomonyoa ni ushamba. Kipande kipashwe kidogo, kiviringishwe kwa viganja mpaka kiwe uzi mwembamba, uzi ulazwe katikati ya msokoto kuanzia mwanzo hadi mwisho, hivyo kila pafu linapata haki sawa. Binamu hujibu kwamba uzi huungua katikati ukaacha tundu, msokoto ukala upande mmoja na upande wa pili ukabaki mbichi. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana mjadala hauishi. Usiku mmoja wa Novemba walibishana mpaka Mholanzi akafungua dirisha apate hewa ya kubishania vizuri. Upepo wa mto Maas ukaingia. Sikuwahi kuona sinia likisafishika kwa kasi ile.

Kilichofuata kilikuwa ibada. Watu wazima wawili, mmoja ana shahada, mwingine analipwa na halmashauri ya jiji kusimamia mifereji, wamepiga magoti na tochi za simu wanaokota chembe za kahawia kwenye zulia la kahawia. Niliwakumbusha kwamba tuna paka. Hawakusikia. Wakaokota, wakapasha, wakasokota, wakawasha. Pafu la kwanza binamu alifumba macho akasema hii ina ladha ya pwani. Pafu la pili Mholanzi akasema ya samaki. Na paka, aliyekuwa amelala juu ya radieta, akanyanyua kichwa.

Nisieleweke vibaya kwamba jambo hili hapa ni uhuni wa kujificha. Uholanzi bangi si halali, ila inavumiliwa, na uvumilivu huo una kanuni nyingi kuliko michezo ya bahati nasibu. Walirekebisha sheria yao mwaka 1976 wakatenganisha bangi na dawa nzito. Leo duka lenye kibali linaweza kumwuzia mtu wa miaka 18 na zaidi gramu zisizozidi 5, na lenyewe lisiwe na zaidi ya gramu 500 ndani. Halina ruhusa ya kujitangaza wala kuuza pombe. Hayo yanaingia akilini. Sasa sikiliza hili: tangu Julai 2008 ni marufuku kuvuta tumbaku ndani ya hoteli, migahawa na maduka hayo pia. Wavutaji wengi wa Ulaya huchanganya hashishi na tumbaku, binamu akiwemo. Siku niliyomsindikiza dukani alikaa, akatandaza vitu vyake, akachomoa sigara moja ili aipasue. Muuzaji alivuka kaunta akiwa amekunja uso. Ukumbi mzima ulikuwa umezama kwenye moshi mzito wa bangi, sura za watu zilionekana kwa kukisia, na ndani ya moshi huo kijana wa watu anakemewa kwamba sigara ni hatari kwa afya ya wafanyakazi. Akasukumiwa kikombe cha majani makavu yasiyo na tumbaku atumie badala yake. Binamu alisema yana ladha ya godoro.

Amsterdam walikuwa na duka maarufu, Mellow Yellow, mojawapo ya maduka ya mwanzo kabisa, lilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1970. Lilifungwa tarehe 1 Januari 2017 kwa kuwa karibu mno na shule, maana kuna kanuni ya mita 250. Shule yenyewe ni ya ususi na unyoaji. Mimi nimenyolewa na vinyozi wa nchi hii, na naona waliofunga hawakukosea.

Kichekesho kikubwa kiko nyuma ya duka. Kuuza mbele kunavumiliwa, lakini kulima na kumletea mwenye duka mzigo ni kosa. Kwa miaka yote hiyo serikali imejifanya haijui bidhaa inafikaje kaunta, ilhali kodi ya mapato inaipokea. Baadaye wakaamua kujaribu: Desemba 2023 maduka ya Breda na Tilburg yakaanza kuuza bangi iliyolimwa kwa kibali, miji mingine ikafuata. Majani yakapatikana. Hashishi ikasumbua, kwa sababu wateja wamezoea ya Moroko na wakulima wa kienyeji hawakuwa na ya kutosha, ikabidi ipewe muda wa ziada. Binamu alifurahi sana kusoma habari hiyo. Alisema hata dola la Uholanzi, na wataalamu wake wote, limeshindwa kuiingiza hashishi kwenye msokoto ukanyooka.

Kisha akaja shangazi.

Alikuja kutusalimu, mizigo yake robo nguo na robo tatu vyakula, na ndani yake ubani, udi na chetezo cha umeme. Siku ya tatu, sisi tukiwa kazini, akaona nyumba ya wanaume inahitaji kufukizwa. Kabatini, baina ya karafuu na iliki, akakuta kipande cha kahawia kimefungwa nailoni. Akanusa. Akaona kimefanana na udi wa kukanda, ila umechacha kidogo. Akakiweka chote kwenye chetezo.

Niliporudi, king'ora cha moshi kilikuwa kinalia na Mholanzi amesimama koridoni, pua juu, uso wa mtu aliyesikia habari za msiba. Alinong'ona akiuliza nani anachoma akiba yake ya mwezi mzima. Shangazi alikuwa sebuleni anapepea moshi kwa khanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Udi gani huu mnanunua? Unanuka matairi!"

Tulifungua madirisha yote, hakuna aliyethubutu kutoa maelezo. Usiku ule shangazi alikula wali sahani mbili, akaomba na ukoko. Halafu akakaa kutazama taarifa ya habari ya Kiholanzi, lugha asiyoijua hata neno, akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Ilikuwa habari ya bei ya viazi. Kwamba ni moshi au ni furaha yake ya kawaida, mimi si daktari. Shangazi, kama ndiyo kwanza unajua, naomba radhi kwa niaba ya wengine.

Siku ya shangazi kuondoka kulikuwa na baridi kali, binamu akamvisha koti lake. Tumefika uwanja wa ndege wa Schiphol, mizigo imeshapimwa, ndipo lilinijia wazo moja baya kuhusu mifuko ya koti lile. Nilimvua shangazi mbele ya watu, akalalamika kwamba nimekuwa mbahili kama marehemu babu, nikageuza mifuko yote juu ya pipa la taka. Vikatoka vipande vya kadi, karatasi iliyokunjamana, na vumbi la kahawia lenye chembechembe mbili tatu zilizonata kwenye mshono. Nikampa shangazi koti langu mimi, lenye matundu lakini safi.

Kwa hiyo, msomaji, ukialikwa na mvutaji wa huku, vaa pamba na nailoni uiache nyumbani, kadi zako ziweke juu ya kabati, na kabla ya uwanja wa ndege geuza mifuko yote nje, hata ile midogo ya ndani. Ukitua Dar es Salaam hakuna gramu tano za uvumilivu.