Kaimu Aliyegeuka Farao: Mbinu Sita za Hatshepsut, Kuanzia Iliyo Nyepesi

Misri, mnamo mwaka 1479 K.K. Thutmose wa Pili amekufa, mrithi ni mtoto mdogo, na kasri limejaa wanaume wenye vyeo na sauti nzito. Miaka michache baadaye, aliyevaa taji ni mjane wa marehemu. Alifanyaje? Tuhesabu kutoka ya sita kushuka hadi ya kwanza, maana ya kwanza ndiyo wengi wasingeiweza.

6. Chagua wazazi vizuri
Baba: Thutmose wa Kwanza, mpiganaji aliyefikisha jeshi hadi mto Frati. Mama: Ahmose, mke mkuu. Kama wewe ulizaliwa kwingine, pole sana. Tuendelee.

5. Olewa bila kuhama nyumba
Mumewe, Thutmose wa Pili, alikuwa kaka yake kwa baba. Kikao cha posa nadhani hakikuchukua muda: baba mkwe wa upande huu ndiye baba mzazi wa upande ule. Wakapata binti, Neferure. Mtoto wa kiume akaja kwa mke mwingine, Iset. Mliokulia kwenye uke wenza mnajua kwamba hapa ndipo hadithi huharibika. Hii bado haijaharibika.

4. Kubali ukaimu, kwa unyenyekevu mkubwa
Mtoto wa Iset akatawazwa kuwa Thutmose wa Tatu, na mama wa kambo akashika usukani hadi kijana akue. Kila ofisi imewahi kuwa na kaimu wa namna hii: anakuja kushikilia nafasi tu, mwezi wa pili amebadilisha mapazia, mwaka wa saba jina lake liko mlangoni. Na kweli, kufikia mwaka wa saba hivi Hatshepsut alikuwa na vyeo vyote vya mfalme, pamoja na jina la kiti cha enzi, Maatkare.

Hakuwa mwanamke wa kwanza kuwa farao. Sobekneferu alimtangulia kwa zaidi ya karne tatu, lakini yeye alirithi nyumba iliyoishiwa wanaume. Hatshepsut alipanda kitini huku mfalme halali yupo hai, anacheza uani.

3. Vaa ndevu, na usimdanganye mtu
Wapo wasemao alijifanya mwanamume. Amdanganye nani, mji mzima ukimjua? Mafarao wanaume nao walivaa ndevu za bandia. Zilikuwa sehemu ya vazi la cheo. Sanamu zake za mwanzo zina umbo la kike, za baadaye zina kifua bapa na kidevu kirefu, na bado maandishi yanamwita binti wa Ra. Waliokosea ni sisi, tulioona ndevu tukaacha kusoma.

2. Tafuta baba wa pili, kisha mletee zawadi
Baba mmoja mfalme hakutosha. Kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari, ng'ambo ya Luxor, imechongwa habari kwamba mungu Amun alimjia Ahmose kwa sura ya mumewe, ndipo Hatshepsut akatungwa. Mungu Khnum anaonekana akimfinyanga mtoto kwenye gurudumu. Cheti cha kuzaliwa kiko ukutani, na shahidi ana kichwa cha kondoo dume. Haya, nani anapeleka pingamizi?

Aliyekuwa mkono wake wa kulia ni Senenmut, mlezi wa Neferure na msimamizi wa mali za Amun. Wambeya wamewafanya wapenzi kwa ushahidi mwembamba. Mimi linalonichekesha ni kwamba alichongwa humo hekaluni nyuma ya milango ya vyumba vidogo, ili mlango ukifunguliwa afichike. Mtu mzima huyo.

Zawadi yenyewe ilitoka Punt, nchi ya upande wa Pembe ya Afrika. Mwaka wa tisa msafara ulikwenda kwa njia ya Bahari ya Shamu. Ukutani zimechorwa merikebu tano. Zilirudi na dhahabu, mpingo, pembe za ndovu, ngozi za chui, nyani waliotembea juu ya shehena, na miti ya ubani na manemane ikiwa hai, mizizi ndani ya vikapu. Mwenye chetezo nyumbani hahitaji kuelezwa kwa nini. Mkuu wa Punt, Parehu, yumo pamoja na mkewe Ati, mama mwenye mwili wake. Na kando yupo punda, na maandishi kwamba huyo ndiye ambebaye. Mchongaji hakuwa na adabu.

Makuhani wa Amun wakapata ubani. Hatshepsut akapata makuhani.

1. Usimguse mtoto
Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kijana hakuuawa wala hakufukuzwa. Miaka iliendelea kuhesabiwa tangu alipotawazwa yeye, akachongwa pamoja na shangazi huyu aliyekuwa pia mama yake wa kambo, akakua akajua jeshi. Hatshepsut alitoweka mnamo 1458 K.K., na mara Thutmose akaongoza vita hadi Megiddo.

Kufuta jina la Hatshepsut kulianza miaka ishirini hivi baadaye. Sanamu zikavunjwa, majina yakachimbuliwa. Hasira gani hiyo inayongoja miaka ishirini? Naona wako sahihi wanaosema Thutmose alikuwa akimsafishia njia mwanawe, Amenhotep wa Pili. Huko Karnak obeliski za Hatshepsut zikazungushiwa ukuta zisionekane, na ukuta ukazikinga. Moja bado imesimama, graniti ya Aswan, karibu mita 30, ndefu kuliko obeliski nyingine yoyote iliyobaki wima Misri. Ile ndefu zaidi, iliyoanzishwa na Thutmose wa Tatu mwenyewe, Warumi waliibeba. Iko Roma.