Habari na Matukio ya Idara ya Masomo ya Asia, Bunia

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa niaba ya Idara ya Masomo ya Asia, ambayo haipo. Haina jengo, haina mkuu, haina mwalimu, haina hata benchi. Kwa sababu hiyo haijawahi kugoma, haidai mishahara ya miezi iliyopita, wala haijakutumia memorandamu yenye mihuri mitatu. Ukitazama vizuri, huenda ndiyo idara bora kuliko zote ulizo nazo.

Hata hivyo, mwaka wa masomo ukifika mwisho kila idara hubandika habari zake kwenye valvu, ule ubao wa matangazo, karibu na orodha ya waliokosa kulipa minervali. Nasi tumeona tusibaki nyuma. Tulisita kidogo, maana mkoa wetu wa Ituri uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na hatukujua kama mkutano wa watu wasiokuwepo unahitaji kibali. Mwishowe tukaona heri tuandike.

Tuanze na utafiti wa uwandani, kwa kuwa hapo idara yetu imeshamiri. Wanafunzi wa nchi nyingine hutafuta viza na tiketi ili wakaione Asia. Sisi Asia imetufuata mpaka mtoni. Ukishuka Mambasa au ukipita baadhi ya mito ya Djugu, utasikia ngurumo za dragi, mashine za Wachina za kuchota dhahabu mtoni, kabla hujayaona maji, na ukiyaona maji utadhani ni chai ya maziwa. Ukingo wenyewe umepinduliwa, changarawe juu, udongo chini, na mashimo yaliyojaa maji yamebaki wazi. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema uchimbaji mdogo ni wa Mkongomani. Na Mkongomani yupo, Mheshimiwa, usiwe na wasiwasi. Jina lake liko kwenye karatasi za ushirika. Mashine ni ya mtu mwingine, dizeli ni ya mtu mwingine, na dhahabu inajua njia ya Kampala bila kuongozwa. Hilo tumelifanya swali la mtihani wa mwisho: nani mwenye mto? Alama 20. Mpaka sasa hakuna aliyepita, hata kwa huruma ya deliberasyo.

Msitu wetu wa Ituri nao una vyeti vingi kuliko sisi. Hifadhi ya Okapi ilianzishwa 1992, UNESCO ikaiandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1996, na 1997 ikaiweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Okapi, mnyama asiyeishi porini popote duniani isipokuwa kwetu, ana jamaa zake kwenye bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo. Yaani katika mabadilishano kati ya Ituri na vyuo vya Asia, mwanafunzi ametanguliwa na okapi.

Maktaba yetu iko Boulevard de la Libération, kwenye maduka ya vipuri, nayo inapokea vitabu vipya kila lori linapotoka Mombasa kupitia Kampala na Mahagi. Ni vijitabu vya maelekezo: vya pampu za maji, jenereta, paneli za sola, simu. Juzi nilimtazama fundi mmoja akisoma kijitabu cha pampu. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Aliruka kurasa kwa kidole gumba chenye grisi mpaka akafika kwenye mchoro, akauinamia, akafuata mshale mmoja mmoja kwa bisibisi, kisha akaigeuza pampu na kugundua kwamba mshale wa mwisho ulihusu modeli nyingine. Akacheka, akaifungua upya kwa akili yake. Baada ya saa moja ilikuwa inavuta maji. Huyo, Mheshimiwa, ndiye mtaalamu wetu mkuu wa masuala ya Asia. Hana diploma, na hakuna anayemlipa zaidi ya franga za kazi ile.

Semina ya kudumu ya idara ilifunguliwa 2003, na sijui itafungwa lini. Tangu mwaka ule wanajeshi wa Bangladesh, Nepal, Pakistan na Indonesia wamepokezana zamu Ituri chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, kwanza kwa jina la MONUC, halafu MONUSCO kuanzia 2010. Tarehe 25 Februari 2005 askari tisa wa Bangladesh waliuawa wakiwa doria Djugu, karibu na kambi ya waliokimbia makwao huko Kafe. Hapo kejeli inanikauka mdomoni. Watu tisa walikufa kwenye ardhi yetu, mbali sana na kwao. Mtoto aliyezaliwa Bunia mwaka ule wa 2003 sasa ana umri wa kumaliza shahada. Amekua akipishana na magari yao meupe njiani kila alipokwenda shule. Muulize Dhaka iko wapi, watu wa huko wanaishi vipi, kwa nini vijana wao wanakuja kulinda vijiji vyetu, na mshahara wao unapita wapi. Muulize uone. Nimetafuta memwari hata moja ya mwanafunzi wa hapa juu ya mambo haya, sijaiona.

Wenzetu hawakungoja waziri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Japani waliingia kwenye msitu wa Ituri, wakakaa kambini na Wambuti, wakatembea nao nyuma ya nyavu za kuwindia. Reizo Harako alikuwepo, Tadashi Tanno alikuwepo, Mitsuo Ichikawa naye, na baadaye Hideaki Terashima. Waliandika nani anagawa nyama na anampa nani. Waliorodhesha mimea: hii dawa, hii chakula, hii sumu ya mishale. Chuo Kikuu cha Kyoto kina kituo cha masomo ya Afrika tangu 1986, na majarida yake yamejaa majina ya vijiji ambavyo baadhi ya maofisa wako, nathubutu kusema, hawangeweza kuvionyesha kwenye ramani. Basi kijana wa Mambasa akitaka kujua jirani zake walitumia jani gani kutibu homa nusu karne iliyopita, mahali pa uhakika pa kuuliza ni Japani.

Beijing nayo ilianza mapema. Redio yao imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na vyuo vyao vinafundisha lugha hii tangu miaka ileile. Mchina anayetaka kuja Mongbwalu anaweza kusoma Kiswahili kwao mpaka shahada. Mwana-Mongbwalu anayetaka kujua karatasi ya huyo Mchina inasema nini anaipiga picha kwa simu, programu inamtafsiria nusu, na simu yenyewe imetoka Shenzhen. Simlaumu Mchina hata kidogo. Yeye amesoma.

Usinielewe vibaya, nchi yetu haikukosa kabisa wahitimu wa masomo ya Asia. Pierre Mulele alikwenda China mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza vita vya msituni, akarudi, na 1964 Kwilu ikawaka moto. Mobutu naye alikwenda Beijing Januari 1973 akaonana na Mao, na kabla muongo ule haujaisha Kinshasa ikawa na Palais du Peuple iliyojengwa na Wachina. Mmoja alileta uasi, mwingine alileta jengo. Aliyekwenda kusoma jinsi ya kujadili bei bado hajarudi.

Na bei ndiyo habari kubwa ya mwaka, ingawa si ya Ituri pekee. Mwaka 2008 serikali ilisaini na kampuni za China mkataba wa Sicomines, ule walioubatiza mkataba wa karne: shaba na kobalti kwa barabara na hospitali. Februari 2023 wakaguzi wa fedha za serikali, IGF, walitoka na hesabu kwamba katika dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa miundombinu, zilizokwisha kutolewa ni milioni 822. Ilipofika Machi 2024 mkataba ukarekebishwa, na fedha za miundombinu zikapandishwa hadi dola bilioni 7. Miaka 15 ilipita kati ya saini na ukaguzi huo, Mheshimiwa. Idara yenye walimu wawili na feni moja, ikipewa kazi ya kusoma tu, ingeligharimu taifa kiasi gani?

Najua mshauri wako atakunong'oneza kwamba dawa ipo, tufungue hapa Bunia Taasisi ya Confucius kama za majirani. Nairobi inayo tangu 2005, Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013, Makerere tangu 2014. Ni kweli, na wanafunzi wao wanasema Kichina ambacho sisi hatukijui, hilo ni jambo la kuwaonea wivu. Ila taasisi hizo zinalipiwa kwa sehemu kubwa na China, kwa faida ya China, na China yenyewe haina haja ya kuficha. Mwenye duka hakufundishi kupunguza bei. Tunachotaka sisi ni mahali pa kumsoma mwenye duka: historia yake, sheria zake, benki zake, madeni yake, jinsi wakulima wake wenyewe walivyopambana na mito iliyochafuliwa kwao. Maana huko nako mito ilichafuliwa na watu walipiga kelele, na mtu wa Mambasa angefaidika sana kujua waliipiga vipi.

Kwa hiyo ombi la idara, kwa kuwa kila habari na matukio huishia kwenye ombi, ni hili. Tupe mwalimu mmoja wa Kichina, mmoja wa sheria za mikataba ya madini, na ruhusa ya kuwaita fundi wa pampu na mzee wa Kimbuti wafundishe bila kuulizwa diploma. Tupe chumba kimoja. Kisivuje. Usiipeleke idara Kinshasa kwa kisingizio cha umeme, kwa sababu dragi haziko Kinshasa. Na wale walimu walipwe kila mwezi, wasije wakalazimika kwenda kufanya kazi ya ukalimani mtoni, upande wa pili wa meza.

Wako mtiifu,
Katibu wa muda, Idara ya Masomo ya Asia (haijafunguliwa), Bunia