Nani Kachukua Papi Zangu?

Ukiishi Shinyanga usitangaze kwamba unatengeneza upinde. Huku ndiko sungusungu walikozaliwa miaka ya mwanzo ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, na mpaka leo kila mzee ni profesa wa pinde. Jirani yangu, mtemi mstaafu wa sungusungu, alinikuta naranda mwanzi akaguna: "Mwanangu, upinde ni mti mmoja. Huo wa kubandika gundi utampiga nani? Kuku?"

Nikamweleza: Mzee, mwanzi unakaa mgongoni tu, upande unaomtazama adui, maana nyuzi za karibu na ganda zinastahimili kuvutwa. Tumboni unakaa ubao. Akaniambia adui hana muda wa kungoja gundi ikauke.

Lakini wazee siwalaumu. Mimi ugomvi wangu ni kukausha. Mwanzi niliutoa Geita, na kondakta aliutoza nauli kama abiria ilhali ulisafiri umelala chini ya viti. Ulikuwa umekomaa, umepita miaka 3, kwa sababu mchanga ukikauka hunywea. Nikaupasua kwa panga, nikaranda nyama ya ndani hadi papi ikabaki na unene wa milimita 3 hivi. Ganda sikuligusa, na vifundo nikaviacha vitokeze kidogo. Ukivisawazisha, upinde unavunjikia hapohapo. Papi nikazilaza kivulini, kwani jua kali huzipasua.

Sasa, kivuli nilichonacho ni cha baraza, na baraza ya Msukuma ni mali ya umma. Papi moja imeegemeza mnyanya. Nyingine kijana wangu kaichana, kaundia tiara. Zile nyoofu kuliko zote mama watoto kazitandaza wavu juu ya michembe yake isiliwe na kuku. Nilipouliza, nikaulizwa kama mwaka huu nitakula upinde. Hata vipande vya tyubu nilivyokata kwa ajili ya kukazia papi kwenye ubao gundi ikishika, leo nimeviona vimefunga gunia la mkaa kwenye bodaboda, vikielekea sokoni bila wasiwasi.

Basi nawaomba, enyi wenye waume, baba na majirani wanaokausha mwanzi: msiuguse. Ukigundishwa ungali na maji, utaendelea kunywea ndani ya upinde, na papi itabanduka mtu akiwa ameuvuta mpaka sikioni. Mnyanya unaweza kuegemezwa kwa kijiti chochote.